Mashine Ikichemka: Tuliyojifunza Kutoka Kisiwani Hadi Kilangala



Siku nyingi hapa tunazungumza hina, udi, vitambaa vya sanduku na adabu za kumpokea mgeni. Leo tunawaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza injini. Ndiyo, injini: ile ya boti na ile ya pikipiki. Tunajua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wanaume. Na sisi tulikuwa tukisema hivyo hivyo, mpaka siku mmoja wetu alipojikuta chini ya mkorosho saa nane mchana, akiipepea pikipiki kwa kanga huku binti yetu akiwa na uchungu pembeni yake.

Tuanze mwanzo, na mwanzo wenyewe ni harusi.

Binti yetu aliolewa mwezi wa kumi na moja. Nikaha ilisomwa hapa hapa Kilwa Kisiwani, watu wakala, na kesho yake asubuhi sisi wanawake tukapewa amana ya kumpeleka kwa mumewe, ndani ndani upande wa Kilangala. Mnaoijua safari hiyo mnajua ni ya kutwa. Kwanza boti mpaka Kilwa Masoko, halafu gari mpaka Nangurukuru, kisha kusini, mnavuka mto Mbwemkuru ndipo mnaingia Lindi. Wenyeji walikuwa wametuandalia chakula cha mchana, kwa hiyo tulitoka mapema, masanduku yamefungwa, bibi harusi amejifunika, na dua ya safari imesomwa kabla kamba haijafunguliwa.

Tulikuwa katikati ya mkondo, Gereza limebaki nyuma yetu na paa za Masoko tunaziona mbele, nahodha alipogeuka kuitazama mashine yake. Akaitazama tena. Halafu akaizima.

Mkubwa wetu akauliza kulikoni. Nahodha akajibu, "Mashine haikojoi, mama."

Tuliziba midomo kwa mitandio. Bibi harusi aliyekuwa akilia tangu alfajiri akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Lakini nahodha hakuwa akifanya mzaha. Alitueleza kwamba mashine ya boti hunyonya maji ya bahari kwa matundu madogo yaliyo kwenye mguu wake, chini ya maji. Ndani kuna pampu yenye kigurudumu cha mpira, nayo huyazungusha maji hayo yakaipoza injini, kisha yakatoka. Sehemu ndogo ya maji hayo hutoka nyuma kwa mchirizi mwembamba unaoonekana. Ule mchirizi ndio alama yake. Ukitoka, mashine inapoa. Ukikatika, mashine inaungua, na ule mpira wa pampu ukizunguka bila maji huharibika kwa muda mfupi sana.

Mkubwa wetu, Allah amhifadhi, ana haraka ya kuzaliwa nayo. Akasema, "Nahodha, washa twende zetu. Masoko si ile pale? Ni hapo tu!"

Nahodha akatikisa kichwa. "Mama zangu, hapo tu ndipo mashine nyingi zinapofia."

Akaiinua mashine kutoka majini. Kwenye yale matundu kulikuwa na kipande cha nailoni kilichochakaa, kimejisokota na kujibana kama tambara kwenye bomba. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, lakini bahari haijamaliza kuturudishia tulichoitupia. Alikitoa, akazibua matundu kwa waya mwembamba, akatuambia tusubiri chuma kipoe. Tulikaa tukichukuliwa na mkondo taratibu, hakuna aliyesema neno. Alipoiwasha tena, mchirizi ukatoka, naye akasema neno ambalo hatujalisahau: "Bahari yote hii ni maji, lakini mashine inaweza kuungua kwa kukosa maji ya kikombe."

Tulifika Kilangala tumechelewa. Chakula kilikuwa kimepoa, nyuso hazikuwa zimepoa sana, lakini harusi ni harusi. Vigelegele vilifuta yote.

Moto katikati ya barafu

Kisa cha boti tulikisimulia kwenye kundi letu la WhatsApp. Mwenzetu mmoja aliyeolewa akaishi Kanada akatujibu kwa ujumbe wa sauti mrefu. Akasema huko kwao wana chombo kinachotembea juu ya theluji, mbele kina miguu ya kuteleza na nyuma kina mkanda mpana unaozunguka. Tukamwambia hicho ni pikipiki ya theluji, akasema haya, kiiteni hivyo.

Tulidhani chombo cha nchi ya barafu hakiwezi kujua joto. Kumbe kinaweza. Katika nyingi za siku hizi, maji ya kupozea injini hupita kwenye mabomba bapa yaliyo juu ya ule mkanda. Mkanda ukizunguka hurusha theluji, theluji hugonga mabomba, joto likaondoka. Lakini njia ikipitwa na watu wengi, theluji hushindiliwa ikawa ngumu kama sakafu. Mkanda unazunguka, hakuna kinachoruka, na injini inachemka ilhali pande zote ni baridi tupu. Wenyeji hufunga vijiti vya chuma vyenye springi, vikawa vinakwaruza ile barafu ngumu ili vipande viruke. Wengine hutoka kidogo pembeni ya njia, kwenye theluji laini, chombo kikapata cha kujipoza.

Akatusimulia pia habari ya fundi wa Québec, Joseph-Armand Bombardier. Mwaka 1934, wakati wa baridi, alifiwa na mtoto wake mdogo aliyekuwa mgonjwa, kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia na hapakuwa na chombo cha kumfikisha hospitali. Alikuwa tayari akihangaika na vyombo vya theluji tangu ujana wake, na baada ya msiba ule aliendelea. Mwaka 1937 akapata haki ya uvumbuzi wa mfumo wake wa mkanda, na mwaka 1959 pikipiki zake za theluji zikaanza kuuzwa kwa jina la Ski-Doo.

Tulisikiliza, tukasema masikini mzazi yule, tukarudi kwenye mazungumzo yetu ya vitenge. Hatukujua kwamba kabla ya mwaka kuisha tutamkumbuka.

Safari ya kumchukua mzazi

Mwishoni mwa mwezi wa nane tulirudi Kilangala. Binti yetu alikuwa na mimba ya kwanza, na kwa desturi yetu mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Tulikwenda kumchukua akajifungulie karibu na nyumbani. Tulilala siku moja ili twende wote kesho yake. Kumbe Mola alikuwa na mpango wake. Siku zilimtangulia. Asubuhi aliamka anashika kiuno, na ilipofika adhuhuri hakuna aliyekuwa na shaka tena.

Mume wake ni bodaboda. Pikipiki ile ndiyo shamba lao, ndiyo duka lao, na siku ile ndiyo ilikuwa gari la wagonjwa. Alipiga simu kwa wenye magari wawili, wote walikuwa mbali. Basi akampakia mkewe katikati, na mkubwa wetu akakaa nyuma kumshikilia. Sisi wengine tukabaki tukitafuta usafiri wa kuwafuata.

Njia ile wakati wa kiangazi ni udongo mwekundu uliokauka ukashindiliwa na magurudumu mpaka umekuwa kama saruji, na juu yake kuna vumbi laini kama unga wa muhogo. Kijana wa watu alikuwa akimwonea huruma mkewe. Kila bonde alilipita polepole, kila mlima akaupanda kwa gia namba moja. Tulikuja kuelewa baadaye kwamba huruma ile ile ndiyo iliyoichemsha injini.

Pikipiki zetu nyingi hizi hazipozwi kwa maji. Zinapozwa kwa upepo. Ukitazama injini utaona imechongwa mapezi mapezi ya chuma, na upepo wa mwendo ukipita kati ya mapezi yale hulibeba joto. Ukienda polepole na mzigo mzito, kwa gia ndogo, injini inazunguka kwa nguvu lakini upepo haupo. Ukiongeza watu watatu, jua la saa nane, na mapezi yaliyoziba kwa vumbi lililogandiana na oili likawa kama udongo wa kukandikia nyumba, joto halina pa kutokea.

Mkubwa wetu anasema alianza kuhisi moto miguuni. Kisha harufu ya oili inayoungua. Kisha injini ikaanza kugonga ndani, kama mtu anayepiga kifuu kwa kijiko, na kila akivuta moto nguvu zinapungua. Mkwe wetu alikuwa amesikia yote hayo, lakini aliendelea. Mkeo ana uchungu mgongoni kwako, utasimamaje?

Ndipo binti yetu akasema, "Mume wangu, zima."

"Hapa? Na wewe katika hali hii?"

"Zima. Ikifia hapa, hatufiki kabisa. Nahodha alizima Masoko tukiiona."

Mkubwa wetu, yule yule wa "ni hapo tu", anakiri kwamba maneno yalimfika kooni: endesha, usimame nini! Akayameza. Anasema hajawahi kumeza kitu kichungu kama kile.

Mkwe akaegesha chini ya mkorosho uliokuwa katika maua, akazima. Wakamtandikia kanga. Kulikuwa na chupa moja ya maji. Mkubwa wetu akaichukua aimwagie injini, mkwe akamzuia: chuma kilichowaka kikimwagiwa maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka. Maji akanywa mzazi. Kanga ya pili ndiyo iliyokwenda kwenye pikipiki. Mama mtu mzima, buibui limejaa vumbi, akaipepea injini kama mtu anayepepea jiko la mkaa, na mkwe akachukua kijiti akakwangua lile gamba la udongo kati ya mapezi. Uchungu ukija anaacha kupepea, anamshika binti mkono, wanasoma pamoja. Ukipita anarudi kupepea.

Hapo ndipo kijana alipochungulia oili. Ilikuwa chini ya alama, nyeusi kama lami. Akanyamaza kwa muda, kisha akamwambia mkewe ukweli. Alitakiwa kumwaga oili wiki tatu nyuma. Kila alipopata pesa aliiweka kwenye kibubu cha uzazi. Hakutaka kumwambia, asije akamtia wasiwasi.

Mke naye akamwambia la kwake. Alikuwa ameweka pesa kidogo ya kuuza maandazi, ameificha kwenye sanduku la harusi, akitaka kumshtukiza kwa kununua kitanda cha mtoto. Pesa ile ingenunua oili mara kadhaa.

Walitazamana. Mkubwa wetu anasema hajui kama walitaka kulia au kucheka, maana uchungu mwingine ulikuja.

Walikaa pale robo saa, labda zaidi kidogo. Injini ilipoweza kuguswa kwa haraka bila kuunguza kidole, akaiwasha. Ile sauti ya kugonga ilikuwa imeondoka. Mlima wa mwisho mkubwa wetu aliupanda kwa miguu ili kuipunguzia mzigo, na mkwe akaenda akimshika mkewe kwa mkono mmoja mpaka juu, ndipo akampakia tena. Walipofika lami walinunua oili kwenye kibanda, na Allah akawaletea gari lililokuwa likipita. Mzazi akaingia garini, mkwe akafuata nyuma na pikipiki yake ikiwa hai.

Mtoto alizaliwa kituo cha afya kabla ya Magharibi. Msichana. Mama na mwana salama, alhamdulillah.

Ya kuchukua nyumbani

Dada zetu, hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa mnaoolewa na bodaboda, wavuvi na madereva, hatuwaambii mkawe mafundi. Lakini chombo kinachowalisha kina haki ya kujulikana na nyinyi pia. Haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Mkipanda boti, mashine ikiwashwa tu, tazameni nyuma. Mchirizi wa maji unatoka? Kama hautoki, semeni kabla kamba haijafunguliwa. Hakuna aibu. Na msitupe kitu baharini, hata ganda la pipi. Kinarudi.

Oili ya pikipiki iingie kwenye bajeti ya nyumba pamoja na sukari na sabuni. Injini ndogo hizi hubeba lita moja hivi tu, na ikipungua au ikichakaa hakuna akiba ya kuiokoa. Kumwaga oili ni gharama ya siku moja. Injini ikinoki, ni miezi ya kula kwa mkopo.

Mapezi ya injini yasafishwe mara kwa mara wakati wa kiangazi, pikipiki ikiwa imepoa, asubuhi kabla ya kutoka. Brashi ya zamani na maji ya sabuni yanatosha. Hata wewe unaweza kuifanya kazi hiyo mumeo akiwa anakunywa chai, na ni mapenzi pia.

Chombo kikinuka kuungua, kikigonga au kikipoteza nguvu, kizimwe kivulini. Kisimwagiwe maji. Kipewe upepo na muda. Na mishikaki iepukwe. Sisi tulipanda watatu kwa dharura, na tuliona bei yake.

La muhimu kuliko yote: mwenye mimba anayeishi ndani asisubiri kama tulivyosubiri sisi. Wiki za mwisho asogee karibu na kituo, na namba ya mwenye gari iwe imeshazungumzwa na nauli imeshawekwa. Sisi tulikwenda kumchukua kwa kuchelewa, na kosa hilo ni letu, si la pikipiki. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo tutawakali. Tulikuwa tumetawakali na kamba tumeiacha nyumbani.

Na kuhusu ndoa yenyewe, hatuna mahubiri marefu. Wawili wale walikuwa wakipendana, kila mmoja akiweka akiba kwa ajili ya mwenzake, pesa ipo ndani ya nyumba, na injini karibu ifie njiani kwa kukosa lita moja ya oili. Nahodha alikuwa amekwisha kutuambia. Maji yako pande zote, ila tundu limeziba. Tundu la nyumba ni lile neno dogo linaloogopwa kusemwa: "Nimeishiwa." "Sijalipa." "Ninacho kidogo, tukitumie." Lizibueni mapema, kwa upole, wakati chuma bado ni baridi. Kikishawaka, maneno ya ghafla hukipasua.

Tulipomsimulia mwenzetu wa Kanada kwamba mtoto amezaliwa, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Yule fundi wa theluji angefurahi." Nasi tukamwombea kila mzazi ambaye njia ilimfungia.

Mkubwa wetu bado ana haraka zake. Lakini siku hizi kila akipanda boti kuvuka kwenda Masoko, hukaa nyuma, karibu na mashine, na hatutolei macho sisi tena. Anatazama mchirizi.

Allah azijaalie ndoa zenu utulivu, mapenzi na huruma, na awafikishe salama kila mnapokwenda. Amin. Tukutane tena panapo majaaliwa.